Vumbi, Chuma na Heliamu: Nadharia za Chimbuko la Mfumo wa Jua kwa Ushahidi wa Miamba ya Rungwe, Mbozi na Ivuna

1.0 Utangulizi

Wilaya ya Rungwe, yenye makao makuu yake Tukuyu, inafahamika kwa chai, ndizi, parachichi na mvua nyingi kuliko kwa elimu ya falaki. Kwa miezi mingi ya mwaka mawingu hufunika kilele cha Mlima Rungwe, wenye urefu wa mita 2,960 hivi, na hakuna mtaalamu wa nyota ambaye angechagua mahali hapo kujenga kituo cha darubini. Hata hivyo, Nyanda za Juu Kusini-Magharibi mwa Tanzania zina ushahidi wa aina tatu unaohusu moja kwa moja swali la jinsi Jua na sayari zake zilivyotokea. Wa kwanza ni bonge la chuma linalojulikana kama Kimondo cha Mbozi. Wa pili ni jiwe dogo jeusi lililoanguka Ivuna, katika bonde la Rukwa, tarehe 16 Desemba 1938. Wa tatu hauonekani kwa macho: ni gesi iliyonaswa ndani ya fuwele za lava ya Rungwe yenyewe.

Makala haya yanaeleza nadharia za kisayansi za chimbuko la mfumo wa jua kwa kuzipima dhidi ya ushahidi huo wa aina tatu. Njia hii imechaguliwa kwa sababu maalumu. Katika ufundishaji wa jiografia, nadharia za asili ya Dunia mara nyingi huorodheshwa moja baada ya nyingine, kila moja ikiwa na jina la mwasisi wake, ubora wake na udhaifu wake, kana kwamba zote zingali zinashindana na mwanafunzi ana hiari ya kuchagua anayoipenda. Orodha ya namna hiyo huficha jambo la msingi, yaani kwamba baadhi ya mawazo hayo yalishindwa kabisa, na kwamba yalishindwa na vitu vinavyoweza kupimwa kwa mizani na kushikwa kwa mkono. Kiswahili kimejaliwa kutofautisha nadharia na nadharia tete. Nadharia tete ni dhana inayosubiri kupimwa, ilhali nadharia ni maelezo yaliyokwisha kupita katika vipimo vingi na kustahimili. Mazungumzo ya kila siku, pamoja na baadhi ya maandishi ya kitaaluma, huyachanganya maneno haya mawili, na mkanganyiko huo ndio unaomfanya msomaji adhani kwamba maelezo kuhusu tukio la miaka bilioni 4.5 iliyopita hayawezi kuwa zaidi ya kubahatisha.

Wakazi wa Rungwe wenyewe wana mfano mzuri wa kinyume cha dhana hiyo. Hakuna aliye hai aliyeona lava ikitiririka kutoka Mlima Kiejo. Lakini D. A. Harkin, aliyeandika mwaka 1960 kuhusu volkano za Rungwe, aliweza kukadiria kwamba mtiririko wa mwisho ulitokea yapata mwaka 1800, kwa kutumia masimulizi yaliyorithishwa na wenyeji na hali ya mwamba wenyewe, ambao ulikuwa haujachakaa. Tukio lililopita huacha alama. Kazi ya nadharia ni kueleza alama zote kwa pamoja bila kuacha hata moja inayoipinga.

2.0 Nadharia zilizotangulia na kilichoziangusha

Wazo kwamba Jua na sayari vilitoka katika wingu moja lina umri wa karne mbili na nusu na zaidi. Immanuel Kant alilitoa mwaka 1755, na Pierre-Simon Laplace wa Ufaransa akalitoa kwa namna yake mwaka 1796. Kwa maelezo ya Laplace, wingu la gesi yenye joto lililokuwa likizunguka polepole lilijikunyata kwa nguvu ya mvutano wake lenyewe. Kadiri lilivyopungua ukubwa, ndivyo lilivyozunguka kwa kasi zaidi, likatandazika, likaacha pete za gesi, na kila pete ikawa sayari. Nguvu ya wazo hili ilikuwa kueleza jambo ambalo vinginevyo lingekuwa sadfa ya ajabu: sayari zote huzunguka Jua kuelekea upande mmoja, na karibu zote katika bapa moja.

Udhaifu wake ulijitokeza katika hesabu. Jua lina takribani asilimia 99.86 ya maada yote ya mfumo huu, lakini momenta ya mzunguko iliyomo ndani yake haifiki asilimia 1 ya jumla. Sehemu kubwa iko katika sayari, hasa Mshtarii. Iwapo wingu lilijikunyata kama Laplace alivyosema, Jua lilipaswa kuzunguka kwa kasi kubwa mno. Badala yake hujizungusha mara moja kwa takribani siku 25 kwenye ikweta yake.

Tatizo hili lilikuwa zito kiasi kwamba mwanzoni mwa karne ya 20 wanasayansi wengi waliliacha wazo la wingu. Thomas Chamberlin na Forest Moulton wa Chicago walipendekeza mwaka 1905 kwamba nyota nyingine ilipita karibu na Jua na kulivuta, maada ikachomoka, ikapoa na kuwa vipande vidogo vilivyokusanyika kuwa sayari. James Jeans na Harold Jeffreys wa Uingereza waliliendeleza wazo hilo kwa namna tofauti kuanzia mwaka 1917, wakifikiria ulimi mrefu wa gesi uliovutwa kutoka ndani ya Jua. Georges Buffon alikuwa amekwisha kusema jambo linalokaribiana na hilo mwaka 1749, isipokuwa yeye alidhani kwamba kilichogonga Jua ni nyota yenye mkia.

Nadharia hizi za ajali ndizo ambazo bado hukaa katika orodha za kufundishia kana kwamba hazijajibiwa. Zilijibiwa zamani. Mwaka 1935 Henry Norris Russell alionyesha kwamba maada iliyovutwa kwa namna hiyo isingeweza kupata momenta ya kutosha kukaa mbali na Jua kama sayari zinavyokaa. Mwaka 1939 Lyman Spitzer alikokotoa kwamba gesi yenye joto la ndani ya Jua ingetawanyika angani kabla ya kupata nafasi ya kupoa na kushikamana. Kuna hoja nyingine, ya kikemia, ambayo itarejelewa katika sehemu ya 4.0 kwa kuwa inahusu jiwe la Ivuna.

Wazo la wingu lilirejea kwa mlango wa Urusi na Ujerumani. Carl von Weizsäcker alilifufua katikati ya Vita Vikuu vya Pili, na Otto Schmidt wa Moscow akajenga, kuanzia mwaka 1944, hoja ya sayari kukua kwa kukusanya vumbi na mawe yaliyokuwa yakizunguka Jua. Mfuasi wake, Viktor Safronov, aliikamilisha kwa hesabu katika kitabu chake cha mwaka 1969, ambacho kilipotafsiriwa kwa Kiingereza miaka mitatu baadaye kilibadili fani nzima. Hannes Alfvén naye alikuwa ameonyesha njia ya kutoka katika fumbo la momenta: uga wa sumaku wa Jua changa ulishikamana na gesi yenye chaji iliyolizunguka, ukafanya kazi ya breki, na momenta ikahamia nje.

Kwa muhtasari, nadharia inayotumika leo inasema kwamba sehemu ya wingu kubwa la gesi na vumbi ilianguka ndani kwa mvutano wake. Katikati Jua likawaka, na kulizunguka kukabaki kisahani cha gesi na vumbi. Chembe za vumbi zilishikamana, zikawa kokoto, kokoto zikakusanyika kuwa visayari vya upana wa kilomita nyingi, na visayari vikagongana kuwa sayari. Karibu na Jua palikuwa na joto mno kwa barafu kudumu, hivyo sayari za huko ni za mwamba na chuma. Mbali zaidi barafu iliongeza maada, viini vikakua haraka na kunasa gesi kabla haijatawanyika. Visahani vya namna hii si dhana tena. Kimoja kilipigwa picha kuizunguka nyota Beta Pictoris mwaka 1984, na mwaka 2014 darubini za ALMA nchini Chile zilionyesha kisahani cha nyota changa HL Tauri kikiwa na mistari myeusi iliyo wazi, kama mifereji iliyochimbwa kati ya matuta.

Picha za nyota nyingine, hata hivyo, haziwezi kuthibitisha kwamba mfumo wetu ulipitia njia hiyohiyo. Kwa jambo hilo lazima kurudi kwenye mawe.

3.0 Kwa nini Kimondo cha Mbozi si zao la volkano

Kimondo cha Mbozi kipo kwenye mteremko wa kilima cha Marengi, mkoani Songwe, katika eneo lililokuwa sehemu ya Mkoa wa Mbeya hadi mwaka 2016. Wenyeji walilijua jiwe hilo kabla ya mwaka 1930, ambao huandikwa kuwa mwaka wa kugunduliwa kwake kwa sababu ndipo W. H. Nott, mpima ardhi, alipolitolea taarifa. Maelezo ya kwanza ya kitaalamu yaliandikwa na D. R. Grantham na F. Oates mwaka 1931. Lina urefu wa mita 3 hivi na kimo cha mita 1, na uzito wake hukadiriwa kuwa tani 16, ingawa makadirio ya tani 12 nayo hutajwa. Hakuna shimo la mgongano linaloonekana mahali hapo.

Kwa mtu aliyekulia Rungwe, ambako mawe meusi yaliyotapikwa na mlima ni ya kujengea misingi ya nyumba, ni halali kuuliza kwa nini bonge hilo jeusi lisiwe limerushwa na mojawapo ya volkano za jirani. Swali hili si la kitoto. Hadi mwanzoni mwa karne ya 19 wasomi wa Ulaya wenyewe walipinga vikali kwamba mawe huanguka kutoka angani, na wengi wao waliyaita mawe ya volkano au ya radi.

Jibu la kwanza liko katika kemia. Takribani asilimia 90 ya kimondo hicho ni chuma halisi, na kati ya asilimia 8 na 9 ni nikeli. Lava za Rungwe zina chuma pia, lakini ni chuma kilichofungwa pamoja na oksijeni na silika ndani ya madini. Mlima hautapiki chuma kitupu chenye nikeli. Jibu la pili liko katika umbile la ndani. Kipande cha kimondo cha aina hii kikikatwa, kikasuguliwa hadi kung'aa na kupakwa asidi, hujitokeza mistari inayokatizana kama mkeka uliosukwa. Mistari hiyo, inayobeba jina la Alois von Widmanstätten aliyeichunguza mwaka 1808, ni aloi mbili za chuma na nikeli zilizojitenga wakati chuma kilipokuwa kigumu tayari lakini bado chenye joto. Kujitenga huko kunahitaji atomu za nikeli zitambae ndani ya kitu kigumu, na zinatambaa polepole sana. Upana wa mistari huonyesha kasi ya kupoa, na kwa vimondo vya chuma kasi hiyo mara nyingi ni nyuzi chache hadi maelfu machache ya nyuzi kwa kila miaka milioni moja. Mtiririko wa lava wa Kiejo ulipoa ndani ya muda ambao mkulima mmoja angeweza kuushuhudia.

Hapa ndipo hoja inapofikia nadharia yenyewe. Chuma hakiwezi kupoa polepole kiasi hicho isipokuwa kimefunikwa na mwamba mnene, kama makaa yanayodumu chini ya majivu. Kwa hiyo kilikuwa ndani ya kisayari chenye upana wa makumi au mamia ya kilomita. Kisayari hicho kilikuwa kimeyeyuka, kwa sababu ni katika hali ya kimiminika tu ambapo chuma kingezama katikati na kuacha mwamba juu. Kisha kiligongwa na kuvunjika, kiini kikawa wazi. Kila hatua iliyotabiriwa na Safronov, yaani kukusanyika, kukua na kugongana, imeandikwa katika kipande kimoja cha chuma.

Lakini ni moto gani ulioyeyusha kisayari kidogo kama hicho? Joto la mgongano halitoshi kwa gimba la ukubwa huo, na uranium hutoa joto polepole mno. Jibu lilipatikana mwaka 1976, wakati Typhoon Lee, Dimitri Papanastassiou na Gerald Wasserburg walipoonyesha, kwa kuchunguza punje nyeupe za kimondo cha Allende kilichoanguka Mexico mwaka 1969, kwamba mfumo wa jua changa ulikuwa na aluminiamu-26. Isotopu hii ina nusu-uhai wa takribani miaka 700,000 tu. Baada ya miaka milioni 5 hubaki chini ya asilimia 1 ya ile iliyokuwapo mwanzo. Hivyo, kisayari kilichoyeyushwa nayo lazima kiwe kilikusanyika mapema sana, na vipimo vya hafniamu na tangsteni katika vimondo vya chuma vimethibitisha jambo hilo: viini vya visayari vingi vilikuwa vimekwisha kuundwa ndani ya miaka milioni 1 hadi 3 tangu punje za kwanza zigande. Punje hizo zina umri wa miaka bilioni 4.567. Sayari hazikuchukua umilele kuanza. Zilianza mara moja.

Jambo moja zaidi kuhusu Mbozi halina budi kutajwa. Wataalamu hupanga vimondo vya chuma katika makundi kulingana na kiasi cha nikeli, galiamu, jermaniamu na iridiamu, kwa imani kwamba kila kundi linatoka katika kisayari kimoja. Kimondo cha Mbozi hakiingii katika kundi lolote. Kimeorodheshwa miongoni mwa vimondo visivyo na kundi, ambavyo ni zaidi ya kimoja kati ya kila kumi vya aina ya chuma. Maana yake ni kwamba kinawakilisha kisayari ambacho huenda hakijaacha ushahidi mwingine wowote uliofika Duniani. Vimondo hivi vipweke, vikihesabiwa pamoja, huashiria makumi ya visayari vilivyoyeyuka na kuvunjwa, idadi inayokubaliana na nadharia ya ukuaji kwa migongano na isiyoelezeka kwa ulimi wa gesi wa Jeans.

Tahadhari inafaa hapa. Si sahihi kuhitimisha kwamba kila mwamba wa volkano ni wa Dunia. Tarehe 24 Oktoba 1899 kulianguka Peramiho, mkoani Ruvuma, jiwe la gramu 165 ambalo kwa madini yake ni basalti, ndugu wa karibu wa basalti zinazoonekana kwenye Daraja la Mungu juu ya mto Kiwira. Jiwe hilo ni la kundi linalohusishwa na Vesta, gimba kubwa lililo kati ya Mirihi na Mshtarii. Kinacholitenga na mwamba wa Kiwira ni uwiano wa isotopu za oksijeni. Vesta ilikuwa na lava yake bilioni nne na nusu za miaka kabla Rungwe haijawaka.

4.0 Ivuna: gramu 705

Ivuna iko katika Wilaya ya Momba, na wanaakiolojia wanaifahamu kwa mashimo ya chumvi ambayo Brian Fagan na John Yellen waliyaandikia mwaka 1968. Wanakemia wa anga wanaifahamu kwa sababu nyingine kabisa. Vipande vilivyookotwa baada ya kimondo kuanguka mwaka 1938 vina uzito wa jumla ya gramu 705, yaani pungufu ya kilo moja ya sukari. Ni jiwe jeusi, laini, linalovunjika kwa kidole. Likilowa huporomoka kama udongo. Lingeanguka katika msimu wa mvua za Tukuyu na kukaa wiki moja bila kuokotwa, yumkini lisingesalia.

Kundi la kimondo hiki ni adimu mno. Vile vilivyoonekana vikianguka ni vitano tu: Alais na Orgueil nchini Ufaransa, Tonk nchini India, Ivuna, na Revelstoke nchini Kanada. Katika uainishaji wa kimataifa kundi hili huandikwa CI. Herufi C ni ya kondraiti zenye kaboni, na herufi I ni ya Ivuna. Kijiji cha bonde la Rukwa kimo, kwa herufi yake ya kwanza, katika kila jedwali la wingi wa elementi linalotumiwa na wanafizikia wa nyota duniani, ingawa ni wachache miongoni mwao wangeweza kukionyesha kwenye ramani.

Sababu ya heshima hiyo ni kama ifuatavyo. Mwanga wa Jua ukichanganuliwa huonyesha elementi zilizomo kwenye uso wake na uwiano wake. Elementi hizohizo zikipimwa katika kondraiti za CI, uwiano unalingana karibu kwa kila kitu: magnesiamu kwa silikoni, chuma kwa nikeli, kalsiamu kwa aluminiamu. Zinazopungua katika jiwe ni zile zinazopeperuka, kama hidrojeni, heliamu, na sehemu ya kaboni, naitrojeni na oksijeni. Ukiondoa hizo, jiwe la Ivuna ni kama Jua lililogandishwa. Hakuna mwamba wa Rungwe, wala wa mahali popote Duniani, unaokaribia uwiano huo, kwa kuwa Dunia imekwisha kuyeyuka, kuzamisha chuma chake katikati na kupangua upya vilivyobaki. Ulinganifu huo ndio uthibitisho ulio wazi kuliko wote kwamba Jua na mawe vilitoka katika wingu moja.

Mtetezi wa Jeans angeweza kusema kwamba ulinganifu huo unamfaa yeye pia: kama sayari zilichomolewa kutoka kwenye Jua, bila shaka zingefanana nalo. Pingamizi hili ni la haki, na jibu lake linatolewa na elementi moja nyepesi. Lithiamu imo katika kondraiti za CI kwa uwiano mkubwa takribani mara 150 kuliko kwenye uso wa Jua. Lithiamu huharibiwa na joto la ndani ya nyota, na Jua limekuwa likiimaliza yake polepole tangu lilipowaka. Maada iliyovutwa kutoka ndani ya Jua ingekuwa na upungufu huohuo. Deuteriamu, ambayo huharibiwa kwa urahisi zaidi, imo katika maji ya madini ya jiwe la Ivuna na katika maji ya Ziwa Nyasa vilevile. Kwa hiyo jiwe na ziwa havikutoka ndani ya Jua. Vilitoka katika kilekile kilicholizaa Jua, na Jua ndilo lililobadilika.

Neno linalotumika mara kwa mara kwa vimondo kama Ivuna ni kwamba ni vya kale kuliko vyote. Usemi huu unahitaji kurekebishwa. Maada yake ni ya kale na haijayeyuka, lakini kisayari kilichoikusanya hakikuwa cha kwanza. Kingekuwa cha kwanza, aluminiamu-26 ingekiyeyusha kama ilivyoyeyusha visayari vya chuma. Badala yake joto lilitosha tu kuyeyusha barafu, na maji yakaugeuza mwamba wake kuwa udongo wa mfinyanzi, magnetiti na kaboneti. Kwa kipimo hicho, kisayari cha Ivuna kilikusanyika takribani miaka milioni 3 hadi 4 baada ya punje za kwanza, ilhali viini vya chuma vilikuwa vimekwisha kutengana. Uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka 2023, kuhusu kaboneti za gimba la aina hiyohiyo, umependekeza muda mfupi zaidi wa chini ya miaka milioni 2, na mjadala haujafungwa. Iwavyo vyote, wanafunzi wengi hufundishwa kwamba mawe ya kondraiti yalitangulia na chuma kikafuata. Mpangilio huo umepinduliwa.

Ivuna iliwahi pia kuingia katika mabishano makali. Mwaka 1961 George Claus na Bartholomew Nagy walitangaza kwamba wameona ndani ya Orgueil na Ivuna maumbo yanayofanana na visukuku vya viumbe vidogo. Baadhi yalibainika kuwa chavua na vumbi la Duniani, na mengine chembe za madini. Kilichodumu ni cha kiasi zaidi lakini cha hakika: mwaka 2001 amino asidi sahili zilipatikana katika mawe hayo mawili, kwa uwiano unaoonyesha kwamba hazikutokana na viumbe hai wa Duniani.

5.0 Heliamu iliyo chini ya Rungwe

Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba bonde la Rukwa lina hazina kubwa ya gesi ya heliamu, na tangazo hilo lilisikika hadi kwa watu wasiofuatilia jiolojia. Heliamu hiyo karibu yote ni heliamu-4. Ilizaliwa ndani ya miamba ya kale, atomu baada ya atomu, kutokana na kuoza kwa uranium na thoriamu, na joto la eneo la volkano linaaminika kuwa ndilo lililoifungulia njia. Ni gesi ya Dunia kwa kila hali.

Katika lava za Rungwe kuna heliamu nyingine. Mwaka 2011 David Hilton na wenzake, wakiwemo wataalamu wa Tanzania, walichapisha vipimo vya gesi iliyonaswa ndani ya fuwele za lava na majivu ya eneo la volkano la Rungwe. Walichopima ni uwiano wa heliamu-3 kwa heliamu-4, wakiulinganisha na ule wa hewa. Mwamba wa kawaida ulioyeyuka chini ya sakafu ya bahari huwa na uwiano wa takribani mara 8 ya hewa. Katika baadhi ya sampuli za Rungwe uwiano ulifikia mara 15. Kabla ya hapo, thamani za juu kiasi hicho zilikuwa zimeripotiwa tu kaskazini mwa eneo la Turkana, hasa Ethiopia.

Uzito wa tarakimu hiyo unatokana na tabia ya heliamu-3. Kuoza kwa uranium hakuizalishi. Kwa sehemu iliyo kubwa ile iliyopo ndani kabisa ya Dunia iliingia wakati Dunia ilipokuwa ikiundwa na haijapata nafasi ya kutoka. Katika wingu la mwanzo uwiano wake ulizidi mara 100 ya ule wa hewa ya leo. Moto unaoilisha Rungwe, kwa hiyo, unachota kutoka kina ambacho hakijakorogwa na kutoa gesi yake yote, na gesi iliyomo ni masalia ya kisahani kilekile kilichozaa sayari. Mkulima anayelima chai kwenye mteremko wa Kiejo, au mfanyakazi wa mahali ambapo kaboni dayoksaidi ya ardhini huvunwa kibiashara wilayani humo, yuko juu ya dirisha linalotazama kipindi hicho.

Ushahidi huu unaibana nadharia mahali ambapo vimondo haviwezi. Katika mfano wa Safronov wa awali, Dunia ilikamilika kwa makumi ya mamilioni ya miaka, wakati gesi ya kisahani hudumu kwa milioni chache tu. Kama Dunia yote ilikusanyika baada ya gesi kuondoka, heliamu-3 iliingiaje? Kuna majibu mawili yanayojadiliwa. La kwanza ni kwamba Dunia changa ilikuwa tayari kubwa vya kutosha, ndani ya miaka hiyo michache, kujifunika blanketi la gesi ya kisahani, na gesi hiyo ikayeyukia katika bahari ya mwamba moto. La pili ni kwamba upepo wa Jua changa ulizipachika atomu za heliamu katika chembe za vumbi kabla hazijakusanyika. La kwanza linaafikiana vizuri na mifano mipya, ambayo hukuza sayari haraka kwa kukusanya kokoto badala ya kungoja migongano ya visayari. Isotopu za neoni ndizo zinazotumika kuyatofautisha majibu haya. Hadi sasa zinaelekea zaidi kwenye la kwanza kwa gesi ya kina kirefu na la pili kwa tabaka la juu, lakini sampuli ni chache.

6.0 Kipimo kinapohitaji kupimwa

Vipande vya Ivuna vinavyotumika katika utafiti viko katika makumbusho na maabara za nje ya Tanzania. Makumbusho ya Historia Asilia ya London ilipata kipande kikubwa mwaka 2008 na hukihifadhi ndani ya naitrojeni ili hewa isikiguse. Tahadhari hiyo ilionekana kuwa na maana kubwa zaidi baada ya Desemba 2020, wakati chombo cha Japani Hayabusa2 kiliporudisha gramu 5.4 kutoka gimba Ryugu. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba Ryugu inafanana na kundi la Ivuna kuliko kundi lingine lolote la vimondo, kwa kemia na kwa isotopu.

Tofauti chache zilizobaki ndizo zenye mafunzo. Sampuli za Ryugu hazina salfeti ambazo kwa miaka mingi zilihesabiwa kuwa sehemu ya mawe ya CI, na maji yaliyo katikati ya tabaka za udongo wake ni pungufu. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba salfeti na sehemu ya maji hayo viliingia katika vimondo baada ya kuanguka, kutoka katika unyevu wa hewa ya Dunia: ya Ufaransa kwa Orgueil, ya kabati za makumbusho, na kwa Ivuna huenda ya bonde la Rukwa lenyewe katika siku zile za Desemba 1938 kabla vipande havijaokotwa. Majedwali ya hidrojeni na oksijeni yaliyojengwa juu ya mawe hayo sasa yanapitiwa upya.